Majina Yamekuwa Mawili

Pasiansi, usiku wa kuamkia safari yako

Minza mwanangu,

Kesho asubuhi utatoka chumbani kwako uniamkie kama unavyoniamkia siku zote, na safari hii nitashindwa kuitikia marahaba. Ndiyo maana naandika. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu siku uliponionyesha tiketi ya Dodoma. Jana ulipokuwa unakunja nguo nilifika mpaka mlangoni kwako, ukaniuliza natafuta nini, nikasema natafuta futi yangu ya kupimia. Futi ilikuwa inaning'inia shingoni kwangu. Ukacheka, na mimi nikacheka, nikarudi sebuleni na maneno yangu tumboni.

Basi nianze na lenyewe, maana kuzunguka ndiko kulikotufikisha hapa. Minza, mtaa huu haukukukataa. Siku ile ya kura za maoni za uenyekiti wa mtaa, ulipobaki umesimama kwenye uwanja wa shule na watu wa kuhesabika nyuma yako, huku wengine wote wakiwa kwa Mzee Masanja, mwenyekiti wetu wa miaka yote, ni mimi niliyewapeleka kule. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba wasikupe kura. Mimi mama yako, ambaye ulipogeuka ulinikuta wa kwanza kwenye mstari wako.

Hii ni karatasi ya pili. Ya kwanza nimeichana, kwa sababu kule nilikuwa nimeandika kwamba "tulishauriana". Hatukushauriana. Nilitumwa, nikakubali, nikaenda.

Kuhusu baridi ya Dodoma, kuhusu chakula na nani wa kukaa naye, sitakuambia kitu. Una akili zako, na leo mimi si mtu wa kumpa mwenzake maelekezo. Ninachotaka ni usipande basi pale Nyegezi ukiwa na lile neno ulilonijibu nilipokuuliza kwa nini usitafute kazi hapahapa Mwanza. Ulisema, "Huku sina watu, mama." Ulilisema taratibu tu, unamenya vitunguu, wala hukuniangalia. Jamani, neno hilo! Watu unao, mwanangu. Mimi ndiye niliyekunyang'anya.

Unajua hapa mtaani wananiita mpatanishi, lakini hujawahi kujua vizuri ninapatanisha nini. Ilianza kwenye kwaya, wewe ukiwa bado unatambaa. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa wazi, kina mama wawili wanakitaka, na wote ni wateja wangu wa kushona. Paroko aliogopa kwaya itapasuka. Nikaenda kwa mmoja wao na futi yangu, kana kwamba naenda kumpima gauni. Nikamsifia sauti, nikamsifia watoto, kisha nikamwambia, "Dada, kwa nini ujichoshe? Mwachie mwenzio safari hii. Zamu ijayo ni yako." Akalainika. Jumapili likatajwa jina moja, tukapiga makofi, tukala pilau, na hakuna aliyeshindwa. Paroko alinishukuru mbele ya watu wote na mimi kichwa kikavimba, nisikudanganye.

Baada ya hapo wakawa wananifuata. Kamati ya shule, chama cha kuzikana, jumuiya, hata tawi la chama cha siasa. Mtu anakuja kibandani kwangu Mabatini, anaegemea meza ya cherehani, anashusha sauti: "Mama Minza, tusaidie. Majina yamekuwa mawili." Ungemsikia ungedhani kipindupindu kimeingia mjini. Nami nachukua futi natoka. Sikumtisha mtu, sikumhonga mtu. Nilikuwa napima mabega ya watu na kuwaambia zamu ijayo. Zamu ijayo! Simjui hata mmoja ambaye zamu yake iliwahi kufika. Mama Ngolo, huyu jirani yetu wa chini kwenye mtaro, nilimzuia kugombea kamati ya shule kwa zamu ijayo, zamu ijayo, mpaka wajukuu zake wakaimaliza shule yenyewe.

Na niliipenda kazi hiyo. Niliiona ni kazi ya Mungu. Sababu yake ni babu yako, baba yangu mimi, ambaye hukumkuta.

Tulikuwa tunakaa ng'ambo, upande wa Sengerema, analima pamba. Nilikuwa na miaka kama kumi alipotaka uenyekiti wa kitongoji. Siku ya kuchagua alivaa koti lake la harusi, jua lote lile, akanishika mkono tukaenda naye mpaka uwanjani. Wakasema wanaomtaka fulani wakae huku, wanaomtaka baba yangu wakae kule. Watu wakaenda kule kwa mwingine, wakaenda, wakaenda, mpaka uwanja upande wetu ukawa mweupe. Nyuma yake walibaki bibi yako, mjomba wangu, na mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa mabovu. Wakamwita yule mzee, "Babu, umekosea upande!" Naye akapapasa na fimbo yake, akahama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba yangu alisimama vilevile, ameunyoosha mgongo, akinibana mkono mpaka ukauma.

Hakwenda tena mnadani. Kanisani akaacha. Mwaka haukuisha tukauza ng'ombe, tukavuka na kivuko kuja Mwanza, akawa mlinzi wa ghala la watu, na kitongoji kile hakukitaja mpaka anakufa. Mimi nikaapa moyoni kwamba mtu wangu yeyote hatasimama vile. Nikakua nikiamini kwamba ubaya wa uchaguzi ni kushindwa, na kwamba mtu mwema ni yule anayezuia watu wasishindane.

Nimeishi na kumbukumbu hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza jambo dogo sana: watu wale wote walijuaje upande wa kwenda? Hawakuulizana, hawakusitasita. Lazima kuna mtu alipita kwao kabla. Nimeliwaza hili mwaka huu, nikiwa nashona, nikasimamisha cherehani. Huenda alikuwa mtu mwema, mpenda amani, anayesifika kwa maneno matamu. Huenda alikuwa kama mimi.

Mzee Masanja sitaki umchukie. Alipofariki baba yako, ndugu zake walikuja na lori kubeba vitu, wakataka na funguo za nyumba. Wewe ulikuwa darasa la pili. Mzee Masanja alileta kiti kutoka kwake akakaa mlangoni petu tangu asubuhi mpaka jioni. Akawaambia, "Hii nyumba ni ya mjane na mtoto wake. Mkitaka kuingia, mniruke." Hawakumruka. Nilimshukuru kwa hilo na bado namshukuru. Kosa langu ni kwamba shukrani ya mlango wangu mmoja niliilipa kwa mtaa mzima. Kila uchaguzi ulipofika nilihakikisha yuko peke yake, miaka nenda miaka rudi, kana kwamba mtaa ulikuwa mali yangu ya kugawa. Na yeye, kwa kuwa hakuna aliyemkimbiza, akalala. Ziwa tunaliona tukifungua dirisha, maji tunanunua kwa ndoo. Mtaro ukaziba. Mikutano ikaisha. Nani alimdai? Sisi tulikuwa tunampigia makofi.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ile uliniambia umechukua fomu. Ulikuwa na furaha mpaka chai yako ikapoa. Nikakuambia, "Hongera, mwanangu." Mchana katibu wa tawi akaja kibandani na suruali ya kupunguza.

"Mama Minza, majina yamekuwa mawili."

"La pili la nani?" nikauliza, natia uzi kwenye sindano.

"La hapo kwako." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Mzee ameumia. Anasema mtoto niliyemlinda akiwa mdogo hivi, ndiye wa kuja kuniaibisha uzeeni?"

"Si aibu, ni uchaguzi," nikamwambia. Haki ya Mungu nilisema hivyo, Minza, nataka ulijue na hilo.

"Sawa. Na binti akishindwa mbele ya kadamnasi? Ana umri gani yule? Uso wake atauweka wapi?"

Hapo ndipo aliponipata. Nilimwona baba yangu na koti lake. Sikumwona Mzee Masanja, sikuuona mtaro, na wewe sikukuona kabisa. Nikampimia suruali yake, nikamwambia nitaliangalia.

Kazi ile ina utaratibu wake. Unapita kwanza kwa watu, unawapoza mmoja mmoja. Mwisho unamwendea mwenyewe, unamwambia, "Naona watu hawako tayari," naye analiondoa jina lake kimyakimya na heshima zake zote. Ndivyo nilivyokupangia. Kila nyumba nilisema jambo moja: Minza anaondoka, amepata nafasi ya kusoma mbali, mtamchagua halafu awaache njiani. Hukuwa na safari yoyote. Niliitunga kwenye nyumba ya kwanza, ya pili nikaiongezea chumvi, ya tatu nikawa naiamini. Watu walisikitika, mwanangu. Mama Ngolo aliacha kuchambua dagaa akasema, "Loo! Mimi nilikuwa nimeshaamua nimpe. Yule mtoto ndiye pekee aliyekuja kuutazama huu mtaro kwa macho yake." Nami nikamjibu, kwa mdomo huuhuu, "Zamu ijayo."

Leo begi lako liko pale mlangoni na nashindwa kulitazama.

Ikabaki nyumba moja ya kupita, nayo ni hii yetu. Nikashindwa. Jioni ya mwisho ulikuwa unapiga pasi lile shati la bluu nililokushonea, ukasema, "Mama, kaa hapo unisikilize." Ukanisomea hotuba yako yote. Ulisema utaitisha mkutano kila baada ya miezi mitatu hata kama huna jipya la kusema. Ulisema mtu akishindwa kukuuliza swali hadharani akuulize barabarani. Ilikuwa hotuba nzuri. Ningekuwa sikujui, ningekupa kura. Nilifungua mdomo nikuambie uondoe jina, nikasikia nikisema, "Kola inyooshe vizuri." Nikaenda kulala.

Watu wote walidhani nimekwisha kukuambia. Hiyo ndiyo desturi, na nani angediriki kumwambia mtoto wa mtu jambo ambalo mama yake ameshalibeba? Walipokuona asubuhi umefika na shati lako, walishangaa. Nilimsikia mmoja akinong'ona, "Kumbe bado anagombea?" Ingekuwa kwa karatasi, huenda wangekupa, maana shauku ilikuwepo. Lakini karatasi hazikutosha, katibu akasema tupange mistari. Na kwenye mstari kila mtu anamwangalia mwenzake.

Nikaja nyuma yako. Niende wapi tena? Mama Ngolo alikuwa mstari wa Mzee Masanja, akanikazia macho, hanielewi. Nilikuwa nalia. Wewe ukageuka, ukaona machozi yangu, ukanikumbatia mbele ya watu wote ukasema, "Usilie, mama. Angalau wewe hukuniacha." Minza, mimi nimefiwa na mume, nimeandamwa na ndugu, nimelala njaa. Hakuna kilichowahi kuniuma kama mikono yako siku ile.

Na hukuishia pale. Umenisifia kwa marafiki zako. Jumuiya ilipokuja kusali hapa nyumbani ulishukuru kwa ajili ya mama ambaye alisimama na wewe peke yake dunia ilipokugeuka. Watu wakaitikia amina, wakanitupia jicho, kisha wakainamisha macho. Unadhani kwa nini walikuwa wanaangalia chini? Uliona ni chuki. Walikuwa wananionea aibu mimi, mwanangu, na ukarimu wao ulikuwa kunyamaza. Ukaanza kuacha kuwasalimia. Dukani ukawa unapita njia ya nyuma. Nikaona kabisa unaanza kuwa kama babu yako, na dawa yake ninayo mimi, na bado nikanyamaza. Hilo la kunyamaza sina pa kuliegemeza. Lile la kwanza naweza kusema nilikuogopea. Hili la pili nilijiogopea mwenyewe, nisipoteze zile shukrani.

Masika yaliyopita, maji yaliposhuka kutoka kwenye mawe ya mlimani na kupasua mtaro, ukuta wa Mama Ngolo ukalala. Ulikwenda kumsaidia kutoa godoro kwenye tope, nami nikaja na ndoo. Ulipotoka kwenda kumwaga matope, Mama Ngolo akaniuliza polepole, "Mama Minza, hivi huyu mtoto si ulisema anaondoka?"

"Safari iliahirishwa," nikasema.

Halafu akainama kuchota tope. "Basi ungekuja kutuambia," akasema. "Tungempa." Nilichota matope siku nzima sijui hata nachota nini.

Kisha ukaanza haya mambo yako ya sheria za uchaguzi. Ulikuwa unarudi kutoka kwenye mikutano yenu na maneno mpaka mezani. Unakumbuka jioni ile niliyokuambia usilalamike, siku hizi hata mgombea akiwa peke yake wananchi wanampigia kura ya ndiyo au hapana? Niliona nimesema la maana. Ukaweka tonge chini. "Mama, ndiyo au hapana si mashindano. Hapana ni nani? Hana sura, hana hoja, hawezi kuzibua mtaro. Watu wapewe mtu na mtu, wawasikilize wote kwa muda uleule, kisha wakapige kura mahali ambapo hakuna anayewaona." Ukasema kura iwe ya siri hata ndani ya vyama. Ukasema mtu asiye na chama naye aruhusiwe kusimama. Ukasema anayehakiki majina asiwe mtu ambaye kibarua chake kiko mkononi mwa mgombea mmojawapo. Mimi nilikuwa nakupakulia mlenda, nikaumwaga nje ya sahani, ukaniuliza kama nina homa.

Sasa unakwenda kufanya kazi hiyo ya kupendekeza sheria mpya na wenzako huko Dodoma, na mimi naiamini. Mtaandika mambo mazuri. Naomba tu unapoandika umkumbuke mtu mmoja. Hana cheo. Hajaiba kura hata moja, sanduku hajaligusa. Ni mwema, anapendwa, anashona nguo za komunio za watoto wa watu. Kazi yake huwa imekwisha kabla uchaguzi haujaanza, na ukimwuliza atakuambia alikuwa anatafuta amani. Sijui sheria itamkamatia wapi mtu wa namna hiyo, na wala sijui kama mtaweza. Nimekuambia tu kwamba yupo, kwa sababu mimi namjua vizuri kuliko wewe. Ukiona mahali jina limebaki moja na watu wanapiga makofi, uliza nani alitembelewa wiki iliyopita.

Na lingine nililojifunza kwa kuchelewa. Kushindwa hakukumuua baba yangu. Angeambiwa ukweli, angepewa nafasi ya kusema, akashindwa kwa watu waliomsikia, angerudi shambani akanuna wiki moja, mwaka unaofuata angejaribu tena. Kilichommaliza ni kudhani kwamba kitongoji kizima kilimchukia, asijue kwa kosa gani. Hicho ndicho nilichokupa wewe. Nilikukimbiza usiangukie kwenye shimo la baba yangu, nikakutumbukiza humohumo kwa mkono wangu.

Sasa habari mpya, ambayo hujaisikia. Mzee Masanja anaachia ngazi. Macho yamekataa kabisa, anahamia kwa mwanawe Magu. Juzi katibu alikuja kibandani, hana hata nguo ya kushona safari hii. Wanamtaka mpwa wake Mzee. "Ila," akasema, na akashusha sauti ileile, "majina yamekuwa mawili. Mama Ngolo naye amechukua fomu. Hebu nenda ukazungumze naye, wewe anakusikia."

Nikamwambia, "Siendi."

"Mama Minza!"

"Siendi. Tena nipe na mimi fomu. Yawe matatu."

Ebo! Ungemwona uso wake. Alidhani namtania. Akaniuliza mimi na uenyekiti wapi na wapi, nikamjibu ukweli: uenyekiti siutaki. Nilikuwa nimemwomba wiki iliyotangulia anipe nafasi kwenye kikao niseme neno kwa wanachama, akanikatalia, eti halimo kwenye ajenda. Basi mgombea hawezi kunyimwa dakika zake. Nitasimama pale kwenye uwanja wa shule na nitatumia dakika zangu kuwaambia watu kwamba Minza hakuwa anaondoka, kwamba niliwadanganya wao nikakudanganya na wewe, na kwamba kila zamu ijayo niliyowahi kumwahidi mtu ilikuwa maneno ya mdomoni tu. Wengine watanizomea. Nitashindwa, tena vibaya, na watanicheka, na Jumatatu nitakwenda kibandani kama kawaida kufungua cherehani. Naogopa, nakuambia kweli. Lakini nataka wanione.

Nimedai jambo moja tu, kura iwe ya karatasi. Katibu amesema karatasi ni shida. Nimemwambia zikikosekana nitaleta daftari nizikate mwenyewe, kukata najua.

Sikuandikii haya ili ubaki. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu kumwambia mtu jambo kama hili usiku wa safari inaweza kuwa namna nyingine ya kupita nyumba kwa nyumba. Nilitaka kwanza kuitia barua hii kwenye begi uikute mbele ya safari, nikaona huo ni uleule uzungukaji wangu. Nitakupa mkononi asubuhi kabla ya chai, nitatoka nje nikuache usome. Ukiamua kuondoka bila kuniaga, ondoka. Ukiamua kukaa kimya mwezi, mwaka, nitaumia lakini sitamtuma mtu kuja kukulainisha. Msamaha sikuombi leo. Nikikuomba leo utanipa, nakujua, nawe utakuwa umenipa kwa haraka ya basi.

Uchaguzi ni mwisho wa mwezi ujao, na jina lako bado limo kwenye daftari la wanachama wa tawi letu. Ukiona inafaa, njoo. Watu watakusalimia, uwaitikie. Tusikilize wote watatu, na usinihurumie mimi. Mama Ngolo ana hoja nzuri kuliko mimi, na ule mtaro anaujua kwa tope la nyumbani kwake. Chukua karatasi yako, nenda pembeni, weka alama kwa unayemtaka, ikunje, itumbukize.

Usiniambie ni nani. Sitakuuliza.

Mama yako